Kadi Mbili za Kopo la Jumapili

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nitamwandikiaje baba yangu bila kumwamkia? Hata kama umelala pale nyuma ya zizi na udongo wako bado haujakaa sawa.

Leo ni Ijumaa asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda chako kando ya mashine ya unga, mlango nimeuacha wazi. Mashine bado imenyamaza. Wanawake wamerudia mawe ya kusagia, na wenye nguvu wanajitwisha debe la mahindi hadi kijiji cha pili. Kesho kuna mkutano. Kifaa kipya cha injini kimefika kutoka Mwanza, na mwenyekiti anataka kunitangaza mimi kuwa mwendesha mashine badala yako. Aliniambia akitabasamu, "Wewe umefika la saba, hutatuletea kubahatisha kama mzee." Nilimwacha akuseme hivyo, Tata. Kwa mara nyingine.

Unakumbuka yule kijana Mjapani aliyetufungia injini, mwaka ule tulipohamishiwa huku kwenye nyumba za mstari? Aliondoka akatuachia kitabu cha mashine kwa maandishi ya kwao, na daftari alimokuandikia maana ya zile alama kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. Watu walicheka. Mzee aliyejifunza a, e, i, o, u kwenye kisomo akiwa na mvi, sasa anataka Kijapani! Ulikata maboksi ya sabuni yakawa kadi, mbele alama, nyuma maana, ukaniita tusome wote. Sauti zake hukuzitaka. Ulisema injini haitatusalimia, kwa hiyo tuzijue sura za alama tu.

Ulinifundisha kama ulivyokuwa unawafundisha kaka zangu kutambua ng'ombe mnadani. Kabla ya maana uliniuliza, "Nyangi, hii ni ya ukoo gani?" Yenye matone matatu ubavuni ni ya ukoo wa maji. Nikakuuliza mafuta nayo yameingiaje ukoo wa maji, ukasema wameoa huko. Tulicheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Tuliandika kwa kidole kwenye vumbi la unga juu ya meza, kushoto kwanza ndipo kulia, juu kwanza ndipo chini. Nikianzia mahali pabaya unafuta yote kwa kiganja, na mimi nakasirika, na wewe unasubiri nimalize kukasirika.

Halafu yale makopo matatu. La kwanza, kadi za kila siku. La pili, za siku ya tatu. La tatu, za Jumapili baada ya ibada. Kadi ukiijua inapanda kopo moja, ukiikosa inarudi la kwanza hata kama ilikuwa imefika la Jumapili. Na mwenye kuihamisha ni msomaji mwenyewe. Ulisema hutanisimamia, kwa kuwa mimi ni mtu mzima.

Sasa nikwambie. Msimu ule wa palizi nilikuwa narudi kutoka shamba la kijiji mgongo unaniuma, nakaa na kadi, nachungulia nyuma, nasema moyoni "hii naijua", naipandisha. Nyingi nilizipandisha hivyo. Zile mbili za koki ya maji ya kupoza injini pia, 開, fungua, na 閉, funga. Zote ni za ukoo wa lango, nguzo mbili zimesimama, tofauti iko ndani. Ndani sikuwahi kupatazama vizuri.

Asubuhi ile kifua kilipokubana ukashindwa kuinuka, uliniambia, "Nenda ukaiwashe. Soma koki kwanza." Hukuniambia mkono wa koki uelekee wapi. Kwa nini uniambie? Makopo yalikuwa yamekwambia kwamba najua. Nilifika, nikaona mkono umeelekea kwenye moja ya zile alama, nikaamua hiyo ndiyo "fungua". Nikaiacha hivyo hivyo, nikawasha. Maji ya kupoza hayakupita hata tone. Foleni ya kina mama ilikuwa imefika nje kwenye miti ya minyaa niliposikia harufu, halafu mlio, halafu kimya. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka.

Ndipo nikaelewa. Na kabla watu hawajaingia, nilishika ule mkono wa koki ukiwa wa moto, nikaugeuza.

Kamati ilikuta koki iko wazi. Wakasema basi ni mzee, hakuitunza injini, alikuwa anachezea vikaratasi. Ulipopata habari uliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa umefungua koki?" Nikasema, "Ndiyo, Tata." Ukageukia ukutani. Mwenyekiti alipokuja kuchukua ufunguo wa mashine ulimkabidhi mwenyewe. Wiki tatu baadaye tulikuzika. Mazishini nilimsikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyeua mashine." Nilikuwa nimeshika koleo. Niliendelea kutupia udongo.

Wageni wa msiba walipoondoka, Mama alitaka makopo yako aweke chumvi. Nikayatoa chini ya kitanda. Kopo la kila siku lilikuwa na kadi mbili tu, zile za koki, zimefungwa pamoja kwa uzi wa gunia. Mimi ndiye niliyeziacha kwenye kopo la Jumapili, Tata, na hakuna mwingine katika nyumba hii aliyegusa makopo yale. Nyuma, chini ya maana, ulikuwa umechora kwa penseli. Moja, lango la zizi na gogo limeegeshwa kwa ndani, ndama hawezi kutoka. Nyingine, lango na mtu amesimama katikati kwa miguu yake miwili, anapita. Mistari imepinda. Sijui ulikaaje kitandani na kile kifua ukachora.

Kwa hiyo ulijua. Ulimpa mwenyekiti ufunguo huku unajua.

Nimelia, na nimekukasirikia pia, nisikufiche. Kwa nini hukusema? Ungenichapa kwa maneno mbele ya Mama ningepona haraka. Badala yake ulinirudishia somo, ukanyamaza, ukafa na jina baya ambalo ni langu.

Sitazikosea tena kadi hizi mpaka nife. Lakini nimeelewa kwamba kuzijua peke yangu hapa kwenye kigoda hakutoshi. Kesho nitakwenda nazo mkutanoni. Nitasimama mbele ya mwenyekiti, kamati na wale kina mama wa foleni, niwaonyeshe lango lenye gogo na lango lenye mtu, niwaambie ni nani aliyewasha injini koki ikiwa imefungwa, na ni nani aliyeigeuza baadaye. Kazi wanaweza kumpa mwingine. Nitamfundisha huyo mwingine, kama atakubali kufundishwa na mimi. Naogopa sana, Tata. Mikono inanitoka jasho hata sasa, karatasi imelowa pembeni.

Lala salama, baba yangu. Mama nitamtafutia kopo jingine la chumvi. Kadi zako mbili bado ziko kwenye kopo la kila siku. Kesho jioni, kama nitakuwa nimesema yote bila kuchungulia nyuma, nitazipandisha. Kopo la pili tu. Hilo la Jumapili bado.

Mwanao,
Nyangi