Mwanaarusi Auza Gari la Buya

Garsen, 1956

Mumina, wewe tu ndiye ninayeweza kukuambia. Mwanaarusi ameuza gari la marehemu mumewe, Buya, asubuhi hii.

Yumo edani, kwa hiyo alibaki ndani nyuma ya pazia, nami nimekaa naye. Nje alikuwa mnunuzi, Mahamed wa dukani, na watu wake. Akasema kwa sauti:

"Mama, gari hii mzee kuliko ngamia yangu!"

Akacheka. Mwanaarusi alicheka, Mumina! Mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha Mahamed akazungusha hendeli. Gari likakohoa, likanguruma pale pale mlangoni.

Mwanaarusi akainuka. Akaita kwa sauti, kama alivyozoea kila jioni mumewe aliporudi: "Karibu, Baba Tuneya. Maji ya kuoga tayari."

Maji ya kuoga! Na wanaume wote wamesikia.

Akajifunika uso kwa leso. Nikamshika mkono.

Mahamed akazima injini. Akapitisha noti chini ya pazia, halafu wakalisukuma gari kwa mikono mpaka barabarani, mbali kabisa, ili asilisikie likiondoka.

Mwanaarusi ametega sikio mpaka sasa.