D Ilikuwa ya Bethwel

Jumamosi, 1 Septemba 1990

Wamekuja saa nne, watu sita, kutoka nyumbani kwa kina Bethwel, marehemu bwanangu, upande wa Webuye. Mzee Kituyi, mkubwa wa ukoo, mbele, shemeji Gerishon nyuma amebeba kuku. Siku ya kugawa vitu vya marehemu. Nilijua itafika. Lakini kujua si kitu.

Koti la kijivu — Gerishon, kwa sababu ndiye ndugu anayemfuata. Viatu vyeusi — binamu yao, vinambana, akavivaa hivyo hivyo. Baiskeli. Redio. Saa ya mkono. Nilikuwa nikitoa kimoja kimoja chumbani na kuweka juu ya mkeka. Nasambu alikuwa anasaidia! Miaka mitatu na nusu, alidhani tunahama. Akaleta soksi moja ya babake, akaiweka juu ya lundo, akaniangalia nimsifu. Nikamsifu.

Halafu Gerishon akaonyesha kompyuta kwa kidole. Na hii je?

Nikasema hiyo ndiyo nachapia watu kazi, ndiyo inatuweka hapa Kiplombe. Bethwel aliinunua kwa yule mzungu wa mradi wa maji alipokuwa anarudi kwao, akanifundisha mwenyewe. Mzee Kituyi akauliza, ndani mna nini? Na mimi na mdomo wangu — nikaeleza. Kwamba diski ya ndani imekatwa mara mbili. Kipande kimoja kinaitwa C, kingine D. C ni yangu ya kazi. D ilikuwa ya Bethwel. Aliweka humo mambo yake, na majina ya ukoo aliyokuwa anakusanya kwa wazee.

Mzee akaikodolea macho kompyuta, kama anaamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Akasema, basi ni rahisi, kigingi kiko tayari. C abaki nayo mama. D ya marehemu irudi kwa ukoo, achukue Gerishon.

Siku nyingine ningecheka. Yule binamu wa viatu akauliza kama ni nzito, ama baiskeli itabeba. Nikasema, Mzee, si kitu cha kubeba, ni maandishi, naweza kuwatolea nakala. Akatikisa kichwa. Kitu cha marehemu kikishagawiwa hakilali nyumba mbili. Ama koti nalo litakuwa kwako na pia kwa Gerishon? Wakacheka wote. Gerishon akaongeza kwa sauti ya chini kwamba siku hizi maandishi si mchezo, tangu ile fujo ya Julai ya kudai vyama vingi, heri yasizagae huku na huku.

Nikasema: ndiyo, Mzee.

Kwa nini nilisema ndiyo? Nilikuwa nimechoka. Na kuna ingine, niiandike kwa sababu hakuna wa kuisoma. C imejaa. Tangu juzi inakataa kazi ya yule mwanafunzi wa chuo, kurasa mia na themanini. Nikawaza, D ikitoka nitapata nafasi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, hata mkeka haujakunjwa.


Jumapili, 2 Septemba

Sikuenda kanisani. Nimefungua D.

Tangu alipokufa mwezi wa sita sijaigusa. Hata akiwa hai sikuigusa. Akitoka hospitali, tumbo limejaa maji, alikuwa anaketi hapo na blanketi mabegani, anaandika kidogo, anapumzika, anaandika. Nikipita anasema, C ni yako, Kavetsa, D niachie. Nikamwachia.

Majina ya ukoo yako pale mbele, yamepangwa vizuri, babu na babu wa babu. Lakini ndani ya D amejenga chumba kingine kidogo. Amekiita NASAMBU. Mna barua thelathini na moja, kila moja na namba yake. Ya kwanza ni ya Februari, wiki ile daktari alipotuambia ni ini.

Nimesoma hiyo ya kwanza. Inaanza: “Mwanangu, ukisoma hii utakuwa umejua kusoma, kwa hiyo hongera.” Nikacheka kwa sauti! Halafu kilio kikaja, nikaficha uso kwa kile kitambaa cha kufunikia kompyuta, mpaka Nasambu akaja kuniuliza kama ni jino.

Ya pili ni jinsi ya kumjua mtu mwongo. Ya tatu ni ya siku aliyozaliwa, mvua, na vile yeye Bethwel alikimbilia hospitali na kiatu kimoja cha kwake na kimoja changu. Hilo hakuwahi kuniambia.

Nikafunga. Nimeamua iwe moja kila Jumapili. Ningesoma zote leo, kesho angekuwa amemaliza kuongea.

Printa iko, lakini utepe umekauka, na ule mpya nimeuwekea mwanafunzi. Wiki ijayo.


Jumatatu, 3 Septemba

Gerishon amebaki mjini, analala kwa rafiki yake. Alipokuja nimemwambia wazi. Shemeji, majina ya ukoo chukua, hata leo. Barua za mtoto hazitoki nyumba hii.

Akasema D ni D, Mzee ameshasema.

Nikasema Mzee hakujua kuna barua.

Na wewe ulijua? akaniuliza.

Mwisho tumepatana. Fundi aje atoe zote kwa disketi, ndipo aiondoe D kama Mzee alivyoamua. Baadaye tukae chini tuone zipi ni za nani. Si mtu mbaya. Ana macho ya Bethwel, ndiyo sababu simwangalii sana.


Jumatano, 5 Septemba

Fundi amekuja, Kiarie, yule hutengeneza taipureta na redio karibu na soko. Mwanamume mnene, mcheshi, anahema kama amepanda mlima. Ameuliza kwanza, Mama, humu hamna makaratasi ya siasa? Mimi niko na watoto watano. Gerishon akamwambia aliyekuwa humu hata chama cha kahawa hakuwa nacho.

Nikawaacha, nikaenda kukanda unga wa chapati. Nimewasikia kutoka jikoni, mashine inanguruma, Kiarie anapiga hadithi za mkewe. Kisha ananiita. Tayari, Mama, zote zimeingia, disketi moja tu imetosha. Kumbe marehemu alikuwa haandiki sana.

Nilisikia hilo. Nilisikia nikafikiria barua ni fupi.

Sasa kuiondoa D. Mashine ikauliza kwa Kiingereza kama tuna uhakika, kila kitu kitapotea, Y au N. Kiarie akarudisha mikono nyuma. Bonyeza wewe mwenye nyumba, mimi sitaki lawama. Gerishon naye akaangalia dirishani. Nikabonyeza Y. Kidole kikiwa na unga bado.

Kabla hajatengeneza nafasi mpya, stima ikapotea. Mtaa mzima. Kiarie akala chapati tatu, akasema atarudi Jumamosi kumaliza. Gerishon ametuachia disketi iwe hapa hapa mpaka tutakapokaa.


Alhamisi, 6 Septemba

Stima imerudi asubuhi. Nimeweka disketi.

Majina. Majina ya ukoo tu.

Hakuna NASAMBU.

Nimeitoa, nimeifuta kwa gauni, nimeirudisha. Majina.


Ijumaa, 7 Septemba

Nimefika kwa Kiarie kabla hajafungua, na Nasambu mgongoni. Aliponiona hakuanza mzaha.

Ameeleza. Ile amri aliyotumia huchukua vilivyo sebuleni. Haiingii vyumba vya ndani. Ilibidi aende chumba kwa chumba. Mama, hukuniambia kuna chumba.

Sikumwambia. Nilikuwa nakanda unga. Niliogopa pia wataanza kuzisoma pale, wawili, kwa sauti, Kiarie anacheka. Nikasema acha zipite kimya kimya ndani ya disketi. Zikapita kimya kabisa!

Nimelia hapo dukani kati ya redio za watu. Kiarie akamtoa mteja nje, akafunga mlango, akampa Nasambu vifungo vya taipureta achezee. Kisha akasema, sikiliza, Mama. Hatujafagia. Tumeng'oa kigingi tu, mahindi bado yako shambani. Tukirudisha kigingi pale pale kilipokuwa, na Mungu akitaka, mashine itayaona. Lakini ni pale pale. Ukikosea hata hatua moja inasoma takataka, na kila tukijaribu inakanyaga mahindi kidogo.

Nikauliza uwezekano ni mkubwa kiasi gani. Akasema, Mama, mimi si mchungaji.

Shida ni hii. Diski imehesabiwa kwa mizunguko, kama mistari ya shamba lililolimwa. C inaisha mzunguko wa 641, hiyo tunaiona bado. D ilianzia wapi? Watu wengi huanzia hapo hapo, 642. Lakini Kiarie anakumbuka aliona kitu kama 643, akashangaa, ama labda ni macho. Hakuandika. Ameniambia niende nifikirie. Na kompyuta niiwashe tu akiwepo.

Jioni Gerishon amekuja, amevaa lile koti. Nimemwambia akiwa amesimama mlangoni. Nilijitayarisha aseme ukoo, aseme Mzee. Nilikuwa na jibu kali tayari, tangu asubuhi nalinoa.

Ameketi kwenye kiti cha chini cha Nasambu. Halafu akasema, vitu vyote nilivyopewa ni vya kuvaa na kuendesha. Nilitaka kimoja alichofikiria.

Jibu langu kali likabaki mdomoni, sikujua niliweke wapi. Nikampa chai. Nikamwambia pia, tena bila kupandisha sauti, kwamba zikipatikana zitakaa hapa, na Mzee Kituyi nitamweleza mwenyewe. Akasema, utaniruhusu nizisome? Nikasema, shemeji, utazisoma ukiwa umeketi hapo hapo.

Akauliza barua zilisema nini. Nikamwambia ile ya viatu. Tulicheka, wote wawili, vibaya, kama watu wanaokohoa. Nilipofika ile ya mtu mwongo nikagundua nimeanza kusahau. Kuna njia tatu za kumjua. Nakumbuka mbili.


Jumamosi, 8 Septemba

Saa tatu. Kiarie amefika na mfuko wa vifaa na mkate. Gerishon alikuwa ameshakuja. Nasambu yuko chini ya meza na kikombe cha uji, amekataa kutoka.

Kiarie amewasha. Akaniuliza, 642 ama 643? Mara ya kwanza ndiyo nzuri, Mama, ya pili ni ya kuomba.

Gerishon akasema 642. Nani anaacha nafasi bure?

Nimefikiria usiku wote. Bethwel alifanya kazi ya upimaji ardhi miaka sita. Nilikuwa naenda naye wakati mwingine, huko Turbo, nambebea maji. Watu wakigawiwa mashamba walikuwa wanamlilia, mpimaji, sogeza kidogo, tugusane tu. Hakukubali hata siku moja. Lazima kuwe na kanjia katikati ya mtu na jirani yake, hata ka kupita kuku. Alisema majirani wakigusana ndipo wanaanza kukatana.

Nikasema 643.

Una uhakika? akauliza Kiarie. Nikasema huyo alikuwa bwanangu.

Ameandika 643. Mashine imezima, imewaka tena. Naandika hapa pembeni yao ili mikono yangu isiguse kitu.

Kiarie ameita D.

D imeitika! Haijaandika kitu, lakini haijasema haiko. Kile kitaa chekundu kinawaka. Inanguruma, ile sauti ya kukwaruza — Nasambu ametoa kichwa chini ya meza, amesema, Baba anaandika. Gerishon ametoka nje. Namwona kwa dirisha, amesimama karibu na karo la kufulia, mikono mfukoni mwa koti.

Kiarie ameinama, pua karibu iguse kioo.

Imesimama. Imeandika kwamba imeshindwa kusoma. Chini yake inauliza, iache, ijaribu tena, ama ihesabu imeshindwa. Kiarie ametoa miwani, amefuta. Amesema hiyo haimaanishi hazipo. Wala haimaanishi zipo. Mahali pengine diski huwa ngumu, inasoma mara ya tano, mara ya kumi. Wakati mwingine haisomi kabisa.

Nimebonyeza R, ile ya kujaribu tena.

Imenguruma. Imeuliza vile vile.

Nimebonyeza tena. Tena. Nimemweka Nasambu kwenye mapaja, ametaka kubonyeza yeye, nimemwonyesha herufi. R. Hii. Polepole. Anabonyeza vizuri, kidole kimoja.

Kiarie amesema, Mama, inaweza kutuuliza hivyo mpaka kesho.

Nimemwambia chai iko kwenye thamosi, ajimiminie, na amwite Gerishon aingie ndani, kuna baridi.