Leo tumepeleka mashuka wenyewe mpaka kitandani

Arua, Jumatano, mwezi wa tano, 1976. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nguo za hospitali hazikukauka vizuri.

Daftari yangu, salamu kwanza. Mimi kuandika nilijifunza kwa barua, kwa masista kule Aru upande wa Congo, madarasa mawili tu, na mpaka leo kalamu yangu haikubali kwenda bila kusalimu watu. Basi namsalimu baba watoto na kikohozi chake. Namsalimu mama mkwe kule Dadamu, na magoti yake yanayomsumbua mvua ikija. Namsalimu mwanangu Yosefu, namsalimu mdogo wake Dawidi ambaye ameng'oka jino na anatema mate kila mahali. Hata kuku mweusi anayeatamia chini ya kitanda, salamu. Na wa mwisho, binti yangu Regina, aliyeolewa Ludara kule Koboko, mwenye mimba ya kwanza. Siku zake zimefika. Habari zake hazijafika.

Sisi hapa wazima, ila moyo wangu.

Nimekaa mlangoni kabla giza halijaingia, nataka kuandika jambo la leo lisipotee. Maana mimi Ijumaa hii nilikuwa niache kazi.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Kikapu cha biashara nilishakitengeneza, nimekificha nyuma ya mlango. Jirani yangu alikuwa anafua nasi pale hospitali, akaacha, sasa anavuka mpaka na mihogo, anarudi na chumvi na sabuni. Sabuni! Sisi wafuaji wa hospitali tunafulia maji ya majivu, na yeye anaoga kwa sabuni ya kunukia. Nikawaza, Regina atazaa, nitampelekea nini? Mshahara wa kufua haununui hata chumvi ya mwezi. Na kazi yenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa naiona kama kutwanga maji kwenye kinu. Nguo chafu inaingia kwa dirisha moja, tunachemsha kwenye pipa, tunakamua, tunaanika, tunatoa kwa dirisha lingine. Kesho zinarudi zilezile na damu mpya. Miaka yote hiyo sikujua zinakwenda wapi. Dirisha lilikuwa ndio mwisho wa dunia yangu.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wakubwa wakaona. Mwezi uliopita akaja bwana mmoja kutoka ofisi za Arua Hill kutupa moyo. Alisema nyinyi ni nguzo za taifa. Tukapiga makofi. Alipoondoka, Candiru, mwenzangu wa pipa, akashika kiuno, akasema, "Nguzo? Mimi iko na mgongo, na inauma."

Basi, tukarudi kwenye majivu.

Lakini kuna Sista Paskalina, mkuu mpya wa wodi ya wazazi, mwanamke mfupi, hapendi maneno mengi. Asubuhi ya leo tumemkuta amefunga dirisha la kutolea nguo, amepiga msumari kabisa.

"Leo kila mutu anapeleka nguo yake yeye mwenyewe mpaka kitandani," akasema. "Anatandika. Anasalimia mgonjwa. Basi."

"Sista, na kama mgonjwa hapana taka salamu yangu?" Candiru huyo.

"Utamwachia shuka."

Mimi niliogopa. Naogopa wodi, naogopa magonjwa, na huku nina mtoto tumboni mwa mtoto wangu, nisije nikabeba kitu kibaya. Candiru akapewa wodi ya wanaume, mimi wazazi. Nikafika mlangoni na mashuka kifuani, nikasimama. Kitanda cha kwanza alilala msichana wa umri wa Regina, kachoka, na bibi mmoja amekaa pembeni kashika mtoto aliyezaliwa usiku.

Hapa kwetu, nyumba yenye mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka haiingiwi mikono mitupu. Unaleta maji, au kuni, au hata fungu la mboga. Ukileta, unakalishwa, unapakatishwa mtoto. Usipoleta, unasalimia kwa nje. Ndivyo nilivyolelewa, na wodi nayo ni nyumba.

Yule bibi akaniangalia. "Mbona unasimama kama mutu ya kodi?"

"Mama, mimi mgeni. Sina kitu mkononi."

"Na hiyo iko nini?"

"Shuka tu."

"Shuka tu! Muke ya mtoto yangu atalala juu ya nini, juu ya salamu yako? Ingia, mama, ingia."

Nikaingia. Nikatandika. Msichana akalala juu ya shuka yangu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Bibi akanusa pembe ya shuka akasema iko na harufu ya jua, maana hiyo ilikauka jana kabla ya mvua. Halafu akanikalisha, akanipakatisha mtoto, kama desturi inavyotaka kwa aliyeleta kitu.

Nikaona kitambaa alichofungwa.

Mashuka mapya hayaji siku hizi. Ya zamani yakichanika tunakata vipande vidogo vya watoto, na penye tundu kila mmoja anashona kiraka kwa alichonacho. Kitambaa kile kilikuwa na kiraka cha buluu, chenye ndege wa njano. Ni kitenge changu. Ni kile nilichombebea Regina mgongoni tulipovuka kuja Uganda, kikazeeka, nikakikata. Sikujua kilikwenda wapi. Kumbe bado kinabeba watoto.

"Mbona unalia? Mtoto iko muzima," bibi akasema.

"Ni moshi wa kuni, mama."

"Moshi gani? Humu hapana moto."

Nikacheka na machozi yangu, naye akacheka, na mtoto akapiga chafya.

Niliporudi kwenye pipa nikamkuta Candiru amekasirika kweli. Mzee mmoja alimwambia shuka yake inakuna kama majani ya mtama. "Mimi nikamwambia, mzee, lala kwa nyasi basi!" Lakini nikamwangalia: jioni alisuuza mashuka mara ya pili, akasuuza tena, hakuna aliyemtuma, na mgongo wake ule. Nikamuuliza, Candiru, yamekuwaje? Akasema, "Wacha. Mzee yangu hawezi kulala vibaya leo tena."

Mzee yangu, anasema. Jana hakumjua.

Sista Paskalina alipita, akatuona, akaenda zake wodini. Namshukuru kwa msumari ule kuliko kwa hotuba yoyote.

Kikapu nimekitoa nyuma ya mlango, nimetia mihogo yetu ya kula. Ijumaa nitakuwa kwenye pipa. Chumvi Mungu atajua, na jirani atanigawia kidogo, si mchoyo. Uoga wangu haujaisha, bado namfikiria Regina. Ila leo nimefikiri jambo ambalo sikulifikiri kabla: pale dispensari ya Koboko, atakapolala Regina wangu, kuna mwanamke anafua. Simjui jina. Labda naye amechoka, labda naye ana kikapu nyuma ya mlango. Dada yangu, ngoja kidogo. Chemsha vizuri, suuza vizuri, anika juani. Na mimi hapa, wa kwako akija, nitamchemshia.

Kesho lori la tumbaku linakwenda Koboko. Nitanakili salamu hizi kwenye karatasi, nimpe dereva. Regina, mwanangu, ukisomewa haya usingoje kupata nguvu. Tuma mtu yeyote anayekuja Arua, hata kwa mdomo tu, aniambie umejifungua nini, na umelala juu ya nini. Haraka, mama yangu. Haraka.