Misumari ya Milimita Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mteja wa leo amejaribu fremu thelathini na moja. Nimehesabu. Nyeusi, nyekundu, ya dhahabu bandia, akarudi kwenye nyekundu. Na ana namba kubwa ya miwani huyo — hata kioo cha kujitazamia hakioni sawasawa! Nilitaka kumwambia: mama, tatizo si fremu, ni jicho. Nikaendelea kusaga lenzi. Fundi miwani halipwi kwa kusema kweli.

Jioni mazoezini. Mchujo ni Jumamosi, mita mia nane, nafasi mbili tu kwenye timu. Moja ni ya yule askari mrefu tunayefanya naye mazoezi, hata akiamka na homa. Iliyobaki tunaigombea mimi na wifi yangu. Mdogo wake mume wangu, miaka ishirini na moja, hajui hata kuchoka kukoje. Mimi thelathini na nne. Kocha katangaza kwamba mwakani hachukui mtu aliyevuka thelathini. Katangaza huku anatazama saa yake. Mimi hakunitazama.

Kwa hiyo nahitaji viatu vipya. Vya zamani vya misumari nimempa wifi. Wema wangu huo — soli imechoka, kidole gumba kinachungulia.

Jumanne, 4 Machi

Kila mtu mtaalamu wa viatu. Fundi wa kuchomelea, anayekimbia nasi akiwa hana kazi, anasema nichukue vya mbio fupi, vyepesi. Kocha karibu alie. Vya mbio fupi vigumu kama ubao, kasema, vinakusimamisha juu ya vidole. Mzunguko wa kwanza raha, wa pili misuli inakatika. Vya mbio ndefu navyo laini mno. Vya mia nane viko katikati: mbele pagumu, kisigino kina mto mwembamba. Vibane, visiumize.

Nimesikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka kumi na miwili nakimbia mia nane, leo ndiyo nafundishwa kuvaa.

Mume wangu kesho hana kazi, kajitolea kwenda dukani. Nimemwandikia kwenye karatasi: njumu, saizi thelathini na tisa.

Jumatano, 5 Machi

Amerudi na viatu vya mpira!

Vyeusi, vya kuchezea ligi. Soli imejaa vifundo vya plastiki. Nimemuuliza hivi ni nini. Akatoa karatasi yangu mfukoni, akanionyesha mwandiko wangu mwenyewe: njumu. Sasa hizi si njumu? Ni njumu. Kosa langu, ningeandika misumari. Lakini mwanaume ameoa mkimbiaji miaka tisa, mke anatoka kila jioni, yeye anadhani naenda kupiga penalti?

Wifi alikuwa mlangoni. Kavishika, kavigeuza, kaniuliza kwa adabu zote:

"Wifi, unacheza namba ngapi?"

Wamecheka kaka na dada mpaka wakashikana mabega. Na mimi nimecheka. Ya juu juu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda mwenyewe saa ya mapumziko. Jozi kumi na moja nimejaribu. Muuzaji alikuwa na subira ya aina ninayoijua — ile ninayowafanyia wateja wangu. Hivi vinabana upande, hivi kisigino kinachomoka, hivi rangi yake inanizeesha. Pale pale nikamkumbuka yule mama wa fremu. Nikamfukuza kichwani. Mimi siyo yeye. Mimi miguu yangu haina tatizo.

Nimechukua vya rangi ya chungwa. Vinabana kama vinavyotakiwa. Ndani ya boksi kuna spana ndogo ya kufungulia misumari na kipakiti cha misumari ya akiba. Muuzaji kaniambia uwanja wa Jumamosi wameuwekea sakafu mpya ya mpira, msumari mwisho milimita sita. Ukizidi, hukimbii. Misumari mifupi inagawiwa pale pale mezani, ila spana kila mtu na yake.

Vyangu vya zamani vina milimita tisa. Nilivifunga mwenyewe, kwa ajili ya uwanja wetu wa vumbi. Ni lazima nimwambie wifi.

Jioni nilichelewa, chakula kikaungua kidogo, nikasahau.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi mepesi. Wifi kanipita kwenye kona ya mwisho huku anaongea. Anaongea! Na kidole gumba kinachungulia.

Nimesahau tena.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba cha kungojea kuitwa. Mabenchi mawili, wasichana wanane, harufu ya dawa ya kuchua. Daftari nimelileta ili nionekane nina shughuli.

Msimamizi anapita na kirula, anapima misumari. Vyangu kavipitisha bila neno. Vya wifi kavipindua, kapima, kapima tena, kavirudisha. Badilisha au vua. Misumari mifupi kapewa kiganja kizima, spana hana. Kauliza benchi zote mbili. Wenzetu wote walibadilisha nyumbani. Hao hawana wifi wa kuwasahaulia.

Akaja kwangu.

"Wifi, ile spana ya boksi unayo?"

Nimemjibu nimeiacha nyumbani. Imenitoka vizuri, bila kukwama. Kumbe iko kwenye soksi niliyovaa, ya kushoto. Asubuhi niliiweka humo isipotee, kwa sababu mkoba hauna zipu. Isipotee! Namdanganya nani?

Hakununa. Angenuna ningepumua. Kavivua viatu vyangu vya zamani, kavipanga chini ya benchi, jozi safi kama mbele ya msikiti.

"Basi nakimbia peku. Si wewe uliyenianzisha hivyo?"

Kweli. Niliolewa nikamkuta ana miaka kumi na miwili, anakaa ndani siku nzima. Nilimtoa, tukazunguka uwanja wa vumbi, yeye peku. Nilimwambia mguu ukiwa mzuri kiatu ni pambo tu. Maneno yangu hayo. Leo nimevaa mapambo ya rangi ya chungwa.

Nikiitoa spana sasa, muda bado upo. Misumari kumi na miwili, dakika tano. Lakini nitasema ilikuwa wapi?

Wametuita, zimebaki dakika kumi. Wifi kaangalia miguu yangu, kasema kamba zangu nimefunga vibaya, zitafunguka kwenye kona. Hakusubiri ruhusa. Amepiga magoti hapa mbele yangu, anazifunga upya. Naandika ili nisizione nywele zake. Mguu wa kulia ameshamaliza.

Sasa wa kushoto. Anavuta kamba, anakaza, anapandisha soksi isikunjike.

Kidole chake kimesimama juu ya spana.