Siku Tatu Ng'ambo ya Kasuku

Alunguli, Alhamisi asubuhi

Baba Mwayuma,

Kesho, nikipata nguvu za kushuka hadi kivukoni, nitavuka mto. Nakuandikia wewe kwanza, maana humu nyumbani nimesema nusu tu ya ukweli, na lazima awepo mtu mmoja anayeujua wote.

Tangu siku ile sijavuka. Kasuku, mji wa ng'ambo, naiona kila nikifungua dirisha: mabati ya soko, moshi wa majiko, pikipiki zinazopanda kutoka mtoni. Mshahara wangu wa ualimu waliniletea wengine mpaka nikastaafu. Harusi ya binti yetu Mwayuma ilifanyika ng'ambo ile nami nikasema nina malaria, nikaisikiliza ngoma yake kutoka huku. Watu wanadhani naogopa maji. Siogopi maji. Ni kwamba hawakukupata, Baba Mwayuma. Kuvuka ni kupita juu yako.

Unaukumbuka mwaka ule wa vita, mji ulipozingirwa. Askari walikuwa Kasuku, wapiganaji wa msituni walikuwa nyuma yetu, na sisi wa Alunguli tulikuwa katikati kama karanga kati ya mawe mawili. Mashambani hakwendeki, mtoni hakuvukiki. Ndipo wewe, vidole vyako bado vina rangi ya vibao ulivyowachorea watu, ukaanza kuniketisha nyuma ya jiko kila alasiri, tupange matembezi ya siku tatu mjini. Mji wenyewe ulikuwa mbele ya macho yetu, ng'ambo tu, na tuliupanga kama watu wanaopanga kwenda Ulaya.

Siku ya kwanza ungenionyesha picha: kuta za baa ulizochora mwenyewe, kisha karakana ya fundi wako karibu na stesheni, palipokuwa na mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye ulidai ulimchorea uso wangu. Siku ya pili tungekula. Hapo ndipo tulipochelewa zaidi, kwenye wali mpya na samaki aliyeivishwa ndani ya majani, na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, hadi mama yako akatupigia kelele kutoka ndani: "Munakula kwa mudomo, na njaa njo inanenepa!" Usiku wa mwisho tungecheza dansi. Mimi nilitaka hoteli. Wewe, hata katika ndoto, ulikuwa mtu wa kubana. "Hoteli ya nini, mwalimu? Tutalala kwa rafiki, makuta ya kulipa hoteli iende kwa muziki."

Kisha chumvi ikaisha, ukasema utavuka wewe.

Watu wa kwenu, watu wa mto, hawavuki wakiwa wamemaliza kazi. Mwenye kuvuka huacha kitu nusu, ili nyumba imwite arudi. Mama yako aliacha nyavu bila kufunga ncha. Wewe siku ile ulikuwa unachora kibao cha kinyozi, na ukaacha kichwa kikiwa na sikio moja. Uliniambia mlangoni, ukicheka, kwamba kichwa cha namna hiyo hakimwachi fundi wake apumzike. Mchana tukasikia milio ya bunduki katikati ya mto, mifupi. Halafu mto ukanyamaza kana kwamba hakuna aliyeupita.

Sasa nikupe habari. Mama Kalombo, yule mwalimu mwenzangu, mjane wa mtu wa reli kutoka Kasai, amerudi kukaa Kasuku, na kwa simu tumepanga upya zile siku tatu. Ana chumba cha nyuma, bure. Picha tutaziona kwa kutembea polepole, kwa sababu vijana wa siku hizi wanachora kando ya barabara na kutazama hakulipiwi. Samaki tutanunua kivukoni, apike yeye. Jumamosi kuna orkestra kwenye baa jirani, na ameshanifundisha ujanja wake: "Tunaingia mapema na soda moja moja, tunainywa kama dawa mpaka muziki unaanza. Nani atafukuza mabibi?" Nilipomwambia miguu imevimba, alisema, "Basi utacheza na mabega, mwalimu. Mabega yako haina ugonjwa."

Nilicheka sana. Kisha nikakohoa kwa muda mrefu.

Muuguzi amesema moyo wangu umechoka. Kisha alimwita Mwayuma nje. Mto nao umejaa, una rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo na mizizi yake. Wiki iliyopita mtumbwi wenye magunia ulipinduka mbele ya soko, na usiku mbwa wa ukingoni hawakulala. Mwayuma akakata shauri: siendi. Alisema, "Mama, ile mto haishibaki." Alilisema taratibu, kwa sauti ya bibi yake.

Hapa ndipo penye ungamo langu. Tangu mvua zianze nimekuwa nikimaliza kazi. Nimeziba matundu yote ya chandarua. Nimebambua karanga zote za mbegu. Kile kikapu nilichokianza tangu mjukuu wetu anatambaa, nimekifunga ukingo. Nimerudisha parokiani kitabu cha mwisho nilichoazima. Nilianza bila kujua ninachofanya. Kisha siku moja nikajua, na nikaendelea.

Usiniwazie vibaya, sina nia ya kujitupa majini. Dansi naitaka kweli, na samaki, na zile kuta, kama zako bado zipo. Lakini chini ya hamu hiyo kuna nyingine: nilitaka nyumba hii isiniite. Mimi niliyemwambia mama yako kwamba sikio la kinyozi ni rangi tu, asiniletee ushirikina, leo nazunguka nyumba hii nikihakikisha hakuna kitu kilichobaki nusu.

Jana Mwayuma aliingia kutafuta ungo. Akaona kikapu, akakigeuza, akapapasa ukingo wake. Akatazama chandarua. Akafungua chungu cha karanga, akakifunga. Akatoka, na nilidhani amekwenda kulia.

Alirudi na ungo umejaa mchele, akakaa nami mkekani, tukachagua mawe. Nilipofika nusu, akauvuta ungo kutoka mapajani mwangu. "Bakisha, mama," akasema. "Hii ingine utaichagula Jumapili, siku ya Mungu, ukirudi." Akaufunika kwa kitambaa, akauweka juu ya kabati, mbele ya kitanda changu. Kisha akaanza kunipangia nguo za safari.

Basi amenikubalia, na amenifunga. Ule ungo umenikodolea macho usiku kucha. Nilikuwa nimekuahidi moyoni kwamba safari hii nakufuata. Sasa siwezi kukuahidi hilo, na mtoto wetu naye sikuweza kumwahidi kurudi. Aliponingoja niseme "ndiyo", nilikunja kanga.

Ninaloliahidi ni hili. Kesho nitakaa katikati ya mtumbwi, mikono juu ya mapaja, kama mtu mwenye adabu. Tukifika penye kina nitamwomba mwenye mtumbwi azime mashine kidogo. Atanung'unika, lakini nitamwomba. Nitakutajia kwa sauti ninakokwenda, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama ulivyokuwa ukinitajia, na wenzangu mtumbwini wataniona mwendawazimu. Kisha nitamwambia aiwashe.

Ukinisikia, Baba Mwayuma, niache nipite kwenda. Habari ya kurudi tutaizungumza mimi na wewe Jumapili, palepale juu ya maji.

Lala salama hadi hapo.

Mama Mwayuma