Najifanya Sielewi Mume Wangu Anachoomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinitafutie jina, sijaliandika kwa makusudi, salamu nazo nimeziruka kwa sababu naandikia juu ya meza ya cherehani na mume wangu yuko chumba cha pili amelala, ukimya wake nausikia mpaka hapa.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, na mume wangu ni mwalimu mstaafu, mtaa mzima wanamwita Ticha, amefundisha Kiingereza watoto wa darasa la kwanza na la pili mpaka amestaafu. Alikuwa na sanduku la bati lenye vitu vya kufundishia, vikombe, vijiko, vitana, mayai ya mbao, miavuli midogo, kila kitu viwiliviwili ili watoto wajue kimoja kinaitwaje na vikiwa vingi vinaitwaje, na watoto walimpenda, hilo siwezi kumnyima. Mimi niliishia darasa la nne, na aliponioa akasema hawezi kukaa na mke asiyejua hata kikombe kwa Kiingereza, basi kila akirudi kazini ananikalisha mbele ya lile sanduku, anainua kitu, nikikosa jina rula kwenye vifundo vya vidole, nikisahau kale kaneno kadogo ka mbele, "a" au "an", rula, nikisahau ile "s" ya mwisho rula, na vidole ndivyo vinavyonilisha, mshauri, kesho yake hata sindano siwezi kushika. Siku moja akaniinulia mwavuli mbele ya walimu wenzake waliokuja kula kwetu, nikakosa jina lake, wakacheka, naye akasema, "Mnamwona? Sifuri." Hilo likawa jina langu kwa miaka thelathini na nne, Sifuri lete maji, Sifuri chakula kiko wapi, hata siku ya harusi ya binti yetu aliniita hivyo mbele ya wakwe.

Mwaka jana akapatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yote yakapotea. Yalipoanza kurudi yakarudi ya Kiingereza tu, tena majina ya vitu vilevile alivyokuwa akifundisha, Kiswahili anakisikia na unaona kabisa anakielewa, ila mdomoni hakitoki. Mtaalamu wa hospitalini anayewafundisha wagonjwa kuongea akasema tuanzie hapohapo, basi binti yetu akawa anakuja kila Jumapili, anafungua sanduku, anainua kikombe, baba hiki nini, akabandika na karatasi zenye majina kwenye kabati, kwenye beseni, kwenye mlango. Mimi nimekaa kwenye cherehani yangu, hakuna anayenitazama, hakuna mwenye rula, na ndani ya miezi miwili nikawa nimevijua vyote. Vyote, mshauri. Nilikwenda kulia chooni, kumbe sikuwa mjinga.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza alisema "a cup", anataka kunywa, nikaenda nikamletea kitana. Akatikisa kichwa, akarudia polepole vile alivyokuwa akiwafundisha watoto, nikamletea kiatu. Nilisikia raha, sitakudanganya, raha ilinishuka mpaka tumboni, basi nikaendelea, akiomba chombo cha kukojolea nampa kitambaa mpaka anajiloanisha, halafu nachelewa kumbadilisha. Mchana mmoja wa mvua akaomba "blankets", ile herufi ya mwisho akaivuta makusudi nijue blanketi moja halitoshi, nami nikamfunika shuka jepesi nikarudi kushona huku nasikia meno yake yanagongana. Binti yetu akipiga simu ananiambia, "Pole mama, najua humwelewi, ila unajitahidi." Nami namwitikia, asante mwanangu.

Jumanne upepo ulikuwa unaingiza vumbi, akasema "the window", na mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya sare za watu, mikono ina kazi yake na akili ina yake, nikainuka nikafunga dirisha. Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Jicho moja likatoa machozi, na tangu saa ile hajaomba kitu chochote. Leo ni siku ya nne anafumba mdomo akiona kijiko changu, maji anaramba tu, midomo imempasuka, na binti yetu anadhani ni ugonjwa umezidi. Je, niseme au ninyamaze? Maana kuna upande wa moyo wangu, Mungu anisamehe, unasubiri yaishe yenyewe.

Ni mimi, Sifuri.

*

Fundi, maana hilo jina lingine sitakuita,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nianze na lililo haki yako. Mume wako alikutesa. Rula kwenye vidole vya fundi si ukali wa mwalimu, ni ukatili, na kukudhalilisha mbele ya wakwe ni ukatili mwingine, na kiharusi hakikufuta hata kimoja. Wako wasomaji wanaosubiri nikuambie umsamehe mzee wa watu. Sikuambii. Msamaha ni wako, ukitaka kufa nao ufe nao.

Maji ya kunywa ni jambo jingine kabisa, huna ruhusa ya kumnyima mtu asiyeweza kuinuka. Umejifunza peke yako, ukiwa kwenye cherehani, kwa miezi miwili, na ningekupigia makofi kama kazi ya kwanza uliyoipa elimu yako isingekuwa hii. Mwanamume uliyempania alikuwa amesimama na rula. Huyo uliyemwacha akitetemeka chini ya shuka hawezi hata kujigeuza. Kukaa mbele ya mtu mwenye majibu yote, ukahangaika na neno moja huku yeye anafurahi, hakuna mtu duniani anayeijua hali hiyo kama wewe. Ndiyo maana nimekukasirikia.

Unauliza useme au unyamaze. Useme nini ambacho hajakijua? Alijua ulipofunga dirisha. Ameacha kuomba kwa sababu ameona kwamba kuomba kwake ndiyo burudani yako. Na hayo unayosubiri yaishe yenyewe, hayaishi yenyewe, unayamaliza wewe.

Mpigie binti yako leo, usingoje Jumapili, mmpeleke baba yake hospitali, kwa sababu siku nne bila kunywa si swali la kuuliza gazetini. Daktari mwambie ukweli kuhusu kuloana na kuhusu baridi, ili ajue amkague mgongo na kifua. Binti naye aambiwe na mdomo wako. Atakuchukia kwa muda, na utavumilia, kwa sababu hajakosea. Kisha kaa karibu na mumeo umwambie kwa Kiswahili, si anakisikia: nilikuwa naelewa, nilifanya makusudi, na wewe uliniumiza miaka yote ile. Mwambie yote matatu, usiruke hata moja. Usikae kusubiri naye akuombe radhi, maana neno hilo halimo kwenye lile sanduku, na alipokuwa na maneno yote hakulitumia.

Tafuteni na mtu mwingine wa kushika zamu, hata kama ni mchana tu. Siku ile raha ikikurudia tumboni, ondoka, nenda kwa ndugu zako, mwache mwingine amuuguze. Watu watasema, waache waseme. Mke aliyeondoka ni nafuu kwa mgonjwa kuliko mke anayeleta kiatu.

Bahasha yako ina muhuri wa posta wa siku tisa zilizopita, na hukuweka namba ya simu. Siku tisa, ukiongeza na zile nne. Sijui kama unayasoma haya ukiwa na mgonjwa ndani au umeshazika. Kama bado anapumua, weka gazeti chini sasa hivi, ukamnyweshe kwanza, ndipo upige simu.