Mguu wa Twiga Katika Picha ya Mellen

Rongo,
9 Machi 1997

Mpenzi Hibo,

Salamu zangu zikufikie hapo Isiolo, wewe na mama yako na duka lenu. Natumaini mu wazima na kwamba jua la huko halijawamaliza. Hapa duka lenu la zamani sasa linauza mbolea, na kila nikipita natazama kile kizingiti tulichokuwa tukikalia. Wajina wako, binti yangu Hibo mdogo, ana miaka mitatu na mdomo wa mtu wa thelathini. Hunisuta nikipika ugali laini.

Uliniuliza habari za safari yetu ya mbuga ya Ruma. Ilikuwa Agosti. Kikundi chetu cha wajane kilipata basi la shule, na Hemed, yule mpiga picha wa Migori, akaja na kamera yake shingoni. Lo, wanawake! Kila mmoja alitaka picha na twiga, na twiga nao wakatugeuzia makalio kama wakwe waliokasirika. Mwenzetu Bonareri alifungua mwavuli, kundi la swala aina ya korongo likatoka mbio, na askari wa mbuga akatuonya kwamba nyati wakija hatamngoja mtu mwenye viatu vya visigino. Tulicheka mpaka machozi.

Mellen, mke mwenzangu, hakucheka. Unamkumbuka, yule Mkisii mpole ambaye Dishon alimwoa baada yangu. Alimwomba Hemed ampige peke yake, kichwa na kifua, bila mnyama. Nikamtania mbele ya basi zima: nani husafiri mpaka mbugani Lambwe kupigwa picha ya kipande, kama ya kitambulisho? Akanijibu polepole kwamba si twiga atakayetafutiwa picha. 

Sote tulielewa. Mume wetu alipokufa hatukuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho. Ilikuzwa mpaka uso ukawa kama moshi, ndipo ikawekwa juu ya jeneza. Majirani walisema ni kifua, wazee wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko aliouvunja. Leo watoto hawaukumbuki uso wa baba yao, na Mellen hakutaka wake upotee hivyo.

Tulimzika Mellen baada ya Krismasi. Nakuambia waziwazi kwa sababu najua hakuna aliyekuandikia. Picha ile ya Ruma ilisimama juu ya jeneza, na pembeni, pale ambapo Hemed hakuona, palikuwa na mguu wa nyuma wa twiga. Mashemeji walitaka ukatwe, lakini Bravin, mwanawe, alikuwa ameshauona. Siku nzima alikaa na kidole juu ya mguu ule, akiwaeleza waombolezaji kwamba mamake alikwenda kuwaona wanyama, nao wakaja kumwona. Hibo, nimezika watu wengi miaka hii, lakini pale ndipo nilipolia kwa sauti.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata; basi leo kata ni wewe. Kabla ya safari ile nilikuwa nimekwenda hospitali huko Homa Bay, nikaambiwa kilichomuua Dishon, na kwamba mimi pia ninacho. Kelele zangu zote ndani ya basi zilikuwa za woga. Niliogopa kwamba wakimtazama Mellen watanitazama na mimi. Wenzetu walipokuwa wakila, nilimrudia Hemed kimyakimya nikamwomba anipige yangu. Ile blauzi uliyonitumia wakati wa Idi sasa inaning'inia mwilini, na kikohozi kimeanza.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Isirudi huku, maana nyumba ya marehemu hugawanywa hadi vijiko. Ikae kwako, na wajina wako akifika umri wa kuuliza mamake alikuwa nani, mpe. Hemed alisema twiga amenizidi, afadhali amkate. Nikakataa. Humo ninacheka, na twiga yuko mzima nyuma yangu, kichwa na miguu yote minne. Nataka mtoto amwone mnyama kwanza, afurahi, halafu ndipo anione mimi.

Mfikishie mama yako heshima zangu, na katika dua zake asijali dini yangu. Kwa leo hatujambo. Hibo mdogo amesimama hapa ananivuta kanga, anataka kujua naandika nini. Nimemwambia ninakusalimia.

Ni mimi,
Marcella